Ikisifu ni Maadili, Ikiuliza ni Siasa

Majuzi nilikuwa kwenye kibanda cha vitabu kuukuu pale tauni, mama mmoja akaja kutafuta hadithi ya mtoto wa gredi ya tatu. Muuzaji akampa kimoja. Mama akakigeuzageuza, akauliza, "Lakini hakina siasa ndani?" Jamaa akacheka. "Aah mathe, hicho ni maadili tupu." Mama akalipa, akaenda zake ameridhika.

Kulikuwa na nakala nyingine. Nikainunua. Stori ni hivi: kijiji hakina maji. Watoto wanatembea mbali na mitungi. Siku moja mheshimiwa anafika na lori la maji, kina mama wanapiga vigelegele, watoto wanaimba, na msichana mmoja anajifunza kwamba anayeheshimu wakubwa hubarikiwa. Mwisho. Chini kuna maswali ya ufahamu: Nani alileta maji? Tunajifunza nini kuhusu shukrani?

Hakuna anayeuliza mbona bomba halikufika. Hakuna anayeuliza lori lilijazwa kwa pesa za nani. Mtoto wa miaka minane anafunga kitabu akijua kwamba maji ni zawadi na kazi yake ni kupiga makofi. Na hicho ndicho kitabu kisicho na siasa? Jameni.

Wacha niseme bila kuzunguka. Hakuna kitabu cha watoto kisicho na siasa. Kuna vile ambavyo siasa yake inamfurahisha mkubwa, tunaviita vya maadili. Na kuna vile ambavyo siasa yake inamkosesha usingizi, hivyo ndivyo tunaviita vya siasa. Lebo haitegemei kilichoandikwa. Inategemea nani amekasirika.

Muulize mzazi wako aliyesoma shule ya msingi miaka ya themanini. Mamangu akianza kusimulia, anaanza na Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ambayo serikali ya Moi ilianza kugawa shuleni mwaka wa 1979. Anakumbuka utamu wake hadi leo. Lakini pamoja na maziwa walimeza mengine: nyimbo za kumsifu rais, kiapo cha uaminifu kilichokaririwa gwarideni, na ile kaulimbiu ya amani, upendo na umoja. Mama ana zaidi ya miaka hamsini na bado anakijua kile kiapo kwa moyo. Hakuna mzazi aliyesimama wakati huo akalalamika kwamba watoto wanaingizwa kwenye siasa. Ilikuwa adabu tu.

Miaka hiyo hiyo, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa akiandika vitabu vya watoto kwa Kikuyu. Alikuwa ametoka kizuizini mwaka wa 1978. Mhusika wake, Njamba Nene, ni mtoto maskini anayechekwa shuleni kwa sababu anaithamini lugha ya kwao. Katika kitabu kimoja, mtoto huyo anaingia kwenye vita vya Mau Mau. Hivyo basi tukaambiwa ni siasa. Ajabu ni kwamba vita hivyo ndivyo tunavyovikumbuka kila tarehe 20 Oktoba, kwa sikukuu ya taifa na hotuba ndefu. Kumbe mashujaa ni salama wakiwa ndani ya hotuba. Wakiingia kwenye mikono ya mtoto wanakuwa hatari.

Usidhani hayo ni ya kitambo. Mwaka wa 2013 wasichana wa Butere walizuiwa kupeleka Shackles of Doom kwenye fainali za kitaifa za tamasha la drama, mchezo uliogusa ukabila na namna utajiri wa nchi unavyogawanywa. Mahakama Kuu ikaondoa marufuku. Miaka 12 baadaye, shule ile ile, mwandishi yule yule, Cleophas Malala, na mchezo mwingine, Echoes of War, kuhusu vijana wanaoukabili uongozi wao katika nchi ya kubuni. Ya kubuni! Ikabidi mahakama iamuru tena waruhusiwe. Aprili 2025, kule Nakuru, wasichana waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Nje, polisi walikuwa wakirusha vitoa machozi.

Najua utaniambia nini, kwa sababu nilikisikia hata mezani kwetu. Mjomba wangu alisema, "Hao watoto wametumiwa. Mwanasiasa amewawekea maneno mdomoni." Sawa, Mjomba. Ni swali la haki, na mtu mzima anayewaandikia watoto lazima aulizwe. Lakini kila mwaka kwaya za shule hupanda jukwaani kuimba sifa za serikali na miradi yake. Yale maneno nayo yalitoka wapi? Mtoto wa darasa la tano alikaa chini mwenyewe akatunga beti kuhusu sera za maendeleo? Ikiwa kumwekea mtoto maneno ni dhambi, basi iwe dhambi kwa pande zote mbili.

Na upande wetu pia tuambiane ukweli. Kuna hadithi za "ukombozi" zinazochosha kama mkutano wa kisiasa wa saa tisa jua likiwaka. Mtoto ndani yake si mtoto, ni bango lenye miguu. Anahutubia, wabaya wanaaibika, stori inaisha. Hiyo nayo inamfundisha msomaji kupiga makofi, imebadilisha tu wa kupigiwa. Kipimo changu ni kimoja: nikimaliza kumsomea mtoto, amebaki na swali au amebaki na jibu la kukariri? Ndiyo maana Sungura wa hadithi za nyanya zetu hachakai. Anamdanganya Simba, anamzunguka Fisi, mara nyingine yeye mwenyewe ni mwizi, na mtoto anabaki akibishana kama alifanya vizuri.

Shida ni kwamba swali halina soko. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule, na kitabu cha shule kinahitaji idhini ya KICD. Mwandishi anayejua hivyo hahitaji kukatazwa. Anajikata mwenyewe mapema. Anaondoa diwani mwizi, anaweka fisi mlafi. Kisha anaondoa fisi, anaweka mtoto asiyepiga mswaki.

Kile kitabu cha lori la maji nilimsomea mpwa wangu jioni ile ile. Nilifika kwenye vigelegele, akanisimamisha. "Tata, na hayo maji yakiisha?"

Nikatazama ukurasa unaofuata. Hakukuwa na jibu, kwa sababu aliyeandika hakutarajia swali. Tukaacha kitabu hapo, tukaanza kuitunga sehemu iliyobaki wenyewe. Katika stori yetu, watoto wanamfuata mheshimiwa hadi ofisini na mitungi yao mitupu, na hawaondoki.

Ukiwa na mtoto wa kumsomea, jaribu hivyo wiki hii. Akikuuliza kitu ambacho kitabu hakina, usimwambie anyamaze asikilize.