Depeche Mode baada ya Vince kuondoka

Wadau, wiki nzima hii nikitoka chumba cha habari nasikiliza albamu moja tu: A Broken Frame ya Depeche Mode, ya mwaka 1982. Wapenzi wengi wa bendi hii wanaiweka mkiani. Mimi nasema wanaionea.

Hebu tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa 1981 Vince Clarke aliaga, wakati albamu yao ya kwanza, Speak & Spell, ilikuwa imeshaingia kumi bora Uingereza. Na Vince hakuwa mpiga kinanda tu. Katika nyimbo 11 za albamu ile, 9 alitunga yeye. Waliobaki ni vijana watatu wa miaka 19 na 20. Martin Gore alikuwa na nyimbo 2 tu, tena mmoja hauna hata maneno! Sasa akaachiwa albamu nzima.

Basi See You ikafika nafasi ya 6, juu kuliko wimbo wowote waliotoa wakiwa na Vince. Albamu ikafika ya 8, wakati ya kwanza iliishia ya 10. (Vince naye hakulala, akiwa Yazoo na Alison Moyet alifika namba 2 kwa Only You.)

Nakubali, ina mashimo. Katika The Meaning of Love Gore amevaa nguo ya kuazima, na wahenga walishasema nguo hiyo haisitiri nini. Lakini sikiliza Leave in Silence, halafu rukia The Sun and the Rainfall mwishoni. Pale kuna giza na upweke ambao Vince asingeuandika kamwe. Depeche Mode tuliyokuja kuipenda inaanzia pale, siyo kwenye Just Can't Get Enough.

Alan Wilder alikuwa tayari anapiga nao jukwaani mwaka ule, ila studio hakuingizwa. Walitaka kuonyesha wanaweza wenyewe. Kiburi? Labda, lakini nawaelewa. Mwandishi aliyebeba ukurasa wetu wa burudani alipohama, niliachiwa mimi, na nilikataa kusaidiwa. Juzi nimeusoma ukurasa wangu wa kwanza... jamani! Nilimwiga mpaka vichwa vya habari. Aya ya mwisho tu ndiyo ilikuwa yangu, na mhariri alikuwa ameikata nusu.