Umbali wa mkulima haupimwi kwa saa za ndege

KUTOKA Mwanza hadi Dar es Salaam kwa njia ya anga ni takriban kilometa 850, na ndege ya jeti hutumia wastani wa saa moja na nusu. Kwa barabara, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, ni zaidi ya kilometa 1,100. Lori likifuata mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kisheria, kilometa 80 kwa saa, linahitaji karibu saa 14 hata lisiposimama popote.

Takwimu hizo zinamtosha msoma ramani. Kwa mkulima wa mpunga wa Msalala, au mwenye duka pale Kakola jirani na mgodi wa Bulyanhulu, zinaficha mengi.

Kwanza, mgodi huo upo kilometa 150 hivi kutoka jijini Mwanza. Anayetaka kupanda ndege sharti alipe nauli ya kufika huko, awahi uwanjani na pengine alale usiku mmoja. Ile saa moja na nusu imeshageuka siku nzima. Mwenzake aliyepanda basi Kahama atachelewa, lakini atabakiwa na fedha ya kuongeza mzigo Kariakoo. Mwenye mtaji mdogo ajumlishe nauli, malazi na siku ambazo duka litafungwa, ndipo aamue.

Pili, ndege hubeba kilicho chepesi na chenye thamani kubwa. Ndiyo maana mgodi una uwanja wake wa ndege, na dhahabu haisubiri barabara ikauke. Gunia la mpunga halina ndege. Barabara ya kijijini ikiharibika kwa mvua, mwenye lori hupandisha gharama, naye mnunuzi hushusha bei na kudai lumbesa kwa kisingizio kwamba "huku ni mbali". Kila saa ambayo lori limekwama kwenye tope inalipwa na mkulima.

Mfano wa dawa upo jirani. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025. Halikuihamisha Geita ikawa karibu na Mwanza. Lilichoondoa ni foleni ya kusubiri kivuko, na mzigo wa mananasi sasa unavuka kwa dakika chache.

Kwa mantiki hiyo, tunatoa rai kwa halmashauri za ukanda wa dhahabu pamoja na TARURA kuzipa kipaumbele barabara zinazotoka mashambani kwenda kwenye lami. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kampuni ya mgodi iandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Wananchi waitumie nafasi hiyo kusema wazi kwamba wanahitaji makalvati na madaraja madogo.

Aidha, wakulima wasiuze gunia mojamoja. Wakusanye mzigo kupitia vyama vyao vya msingi, waulizie bei ya Kahama na Isaka kabla ya kupatana, wakodi lori moja kwa pamoja na kudai mizani badala ya lumbesa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Anayekwambia soko lipo saa moja na nusu tu, muulize kwanza gunia lako litapanda nini.