Gemu Nayo Ina Mwenyewe

Wanafunzi wenzangu, nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni gemu za kunakili.

Mashine kama PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilitiwa kufuli kiwandani. Kabla ya kuanza hutafuta katika diski alama ya kampuni, na isipoiona hukataa. Fundi huifungua akatia chipu ya kuidanganya kwamba alama ipo. Basi diski ya kunakili huchezwa kama ya halali.

Wako wasemao, "Huu si wizi, kwani mwenye gemu bado anayo yake." Mimi sikubali. Mtu akikulimisha shamba lake la mpunga msimu mzima asikulipe, ghala lako halikupungua hata debe moja. Je, hukudhulumiwa? Kilichoibwa ni kazi yako.

Wengine husema kampuni hizo ni tajiri, haziumii. Lakini wadogo pia wamo. Mwaka 2013 ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug wa Greenheart Games, walitoa gemu ya kompyuta iitwayo Game Dev Tycoon, kwa dola 8 hivi. Wakati huohuo waliachia wenyewe nakala ya bure mtandaoni ili wawapime watu. Baada ya siku moja wachezaji walikuwa 3,318, nao walionunua ni 214 tu! Katika nakala ile ya bure walitia hila: kampuni ya mchezaji hufilisika kwa kuibiwa gemu zake. Wachezaji wakalalamika!

Sisemi kwamba wote wangalinunua. Lakini wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa aliyechuma alibaki juani.

Ni kweli, bei ya gemu halali ni kubwa kwa mfuko wa mwanafunzi. Lakini zipo zitolewazo bure kwa ridhaa ya watengenezaji, kama SuperTuxKart na 0 A.D. Tucheze hizo. Tena tujifunze Scratch, ambayo nayo ni bure, tutengeneze gemu zetu za mitumbwi ya Ziwa Nyasa.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, lakini sheria haikai kila kibandani. Siku gemu ya kijana wa Ndandalo itakapouzwa, tutapenda watu wainunue au wainakili? Tulivyopenda tutendewe siku hiyo, na tuwatendee wengine leo.