Anga la Garissa lina kazi, tupeni paa tu

Kaskazini Mashariki ikitajwa, utasikia ukame, mafuriko ya Tana au usalama. Sawa, yapo. Lakini kuna kazi ya sayansi inalala bure juu yetu kila usiku, na haiulizi cheti. (Mimi niliacha chuo, najua swali hilo linavyouma.)

Mwezi wa saba jioni, tafuta kundi la nyota la Nge. Katika zile tatu za kichwani, ya katikati ni Delta Scorpii. Mwaka 2000 ilianza kung'aa kuliko kawaida, na aliyeshtuka ni Sebastián Otero wa Argentina, mpenzi tu wa nyota, kwa macho yake mwenyewe.

Nyota hii ina joto la zaidi ya digrii 20,000 na inazunguka kwa kasi ajabu. Hurusha gesi, ikatanda kiunoni kama sahani. Hidrojeni ya sahani hiyo hutoa mwanga mwekundu, nanomita 656 hivi. Kwenye infraredi, yaani mwanga kama ule wa rimoti ya TV ambao hatuuoni, sahani inajitokeza hata zaidi. Kwa hivyo anayepima nyekundu na infraredi ndiye anajua kama sahani inakua au inasambaratika.

Vifaa? Kamera, stendi, filta nyekundu. Unavuruga fokasi kidogo, unalinganisha na nyota jirani isiyobadilika, unaandika saa, unarudia. Miaka, si wiki. Infraredi ndiyo ngumu, kamera nyingi huizuia, hiyo itataka kifaa chake. Vipimo vinatumwa AAVSO kule Marekani, wanaopokea vya watu wa kawaida tangu 1911.

Na sisi tuko karibu kabisa na ikweta! Tunaona Achernar ya kusini na Gamma Cassiopeiae ya kaskazini, zote za aina hii. London haioni ya kwanza, Cape Town haioni ya pili.

Sasa niambie, kijana wa Garissa aliyesimama gizani na kamera juu ya stendi atajieleza vipi kwa askari wa doria? Ati anapima nyota? Atalala ndani, buda.

Ndiyo maana naomba kaunti au Chuo Kikuu cha Garissa kitufungulie paa moja. Mwaka 2019 tulizinduliwa kituo cha sola cha megawati 50, jua likapewa kazi. Usiku je? Hata siku mbili kwa wiki. Wekeni mlinzi na daftari la kusaini mlangoni, tutakuja.