Mzee Ametibiwa, Lakini Alale Wapi?

Mzee aliyefukuzwa kwake kwa madai ya uchawi akifika zahanati hapa Watamu, atapimwa presha na kupewa dawa. Je, jioni alale wapi? Barazani kwa watu?

Wazee wengi wa Kilifi wamekimbia hivyo, na mara nyingi nyuma ya madai hayo kuna shamba linalomezewa mate. Kaya Godoma, huko Ganze, imewahifadhi baadhi yao. Heko, ila hifadhi si nyumbani.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja afya na makao pamoja. Basi muuguzi amwarifu ofisa wa ustawi wa jamii, naye amwone chifu na ukoo, mzee arudi shambani mwake akiwa na ulinzi. Vidonge vya presha havimezwi mafichoni.