Kadi Isiyosomeka Haijaalika Mtu

Msimu wa harusi umefika na kadi zinamiminika majumbani. Leo tunalitoa lililotukaa moyoni: kadi nyingi hazisomeki.

Bibi yetu mmoja alivaa baibui lake, akachukua doti ya kanga ya zawadi, akaenda harusini tarehe 17. Alikuta ua mtupu, viti vimesharudishwa. Harusi ilikuwa tarehe 11, ila ile moja ya pili ilipindwa kichwa na kuvutwa mkia hata ikawa saba. Na bibi huyo ndiye aliyemlea mama wa bi harusi.

Ukiuliza, unaambiwa herufi za kujikunja zina mapenzi na hadhi, zilizonyooka ni za barua za ofisini. Kwamba herufi ina tabia yake, hatukatai. Mwaka 2012 Errol Morris, mtengeneza filamu wa Marekani, aliwapa wasomaji wa New York Times kauli moja kwa herufi za aina mbalimbali. Walioisoma kwa herufi za Baskerville walielekea kuikubali zaidi kidogo kuliko wengine, na maneno ni yaleyale. Tunachokataa ni kwamba mapenzi yamo kwenye mikunjo.

Tazama kanga uliyojifunga. Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, kila mtu analisoma. Jina hilo limebembeleza waume, limewajibu mawifi, limewaombea watoto. Nani amewahi kusema kanga haina hisia? Mapambo yamejaa kwenye pindo na mji, neno limeachwa wazi.

Linalotuudhi zaidi ni zile herufi za Kirumi zilizotiwa vidoto na ndoano zifanane na Kiarabu, eti kadi ipate sura ya Kiislamu. Hizo ni herufi za mabango ya mikahawa na filamu za majini. Sisi tumefunzwa alifu na bee chuoni, na Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi. Mzaha huo ni wa nini? Ukitaka Kiarabu, mtafute anayejua khati akuandikie Kiarabu chenyewe, kwa Thuluthi au Diwani.

Bi harusi, majina yenu wawili yapambe utakavyo, siku ni yako. Lakini tarehe, saa, msikiti na nyumba viandikwe wazi na kwa ukubwa wa kutosha. Kabla kadi hazijachapishwa, mpe bibi au shangazi moja aisome kwa sauti. Akikwama, ibadilishe.

Kuitikia mwaliko ni katika haki za Muislamu kwa Muislamu mwenzake, ndivyo alivyotufundisha Mtume (S.A.W.). Ataitikiaje asichoweza kukisoma?