Kadi Inameremeta, Jina Halisomeki!

Mpenzi msomaji, mwezi huu naongea na wale mnaojiandaa kufunga pingu za maisha, hasa wenzetu wa Same na kule juu milima ya Upare. Kamati imeshaundwa, ukumbi umeshalipiwa, sasa mko steshenari mnachagua kadi. Bibie anataka herufi za madoido, zenye mikia na vikonyo. Kaka naye kashikilia: "Mimi nataka watu waelewe ni lini na wapi!" Mara mmenuniana, na pete bado haijavishwa.

Kusema kweli, wote mna haki. Kadi ina kazi mbili: kupendeza na kusomeka.

Zile herufi za kuchekesha, zilizojikunja kama mkia wa kinyonga, zinaitwa Curlz. Zilibuniwa na Carl Crossgrove na Steve Matteson mwaka 1995. Edwardian Script ya Ed Benguiat, ya mwaka 1994, yenyewe inaiga mwandiko wa kalamu ya wino, laini na wa kimahaba. Zote zimekuja na programu za Microsoft Office, ndiyo maana kadi ya harusi, bango la saluni na bethdei ya mtoto vinaweza kufanana kama mapacha.

Sasa tuje kwenye majina yetu. Hebu andika Mmbaga, Mshana au Mchome kwa herufi kubwa tupu za Edwardian. Kila herufi inamrushia jirani yake mkia, na jina la ukoo linageuka kichaka! Baba mkwe kule Vudee anapokea kadi ya mchango, anavaa miwani, na jina lake mwenyewe halioni. Hapo si urembo tena, ni heshima. Kadi ndiyo inayozitambulisha koo mbili kabla hazijakaa meza moja.

Na tarehe je? 1 yenye madoido inasomeka 7, halafu mgeni anateremka kutoka Mamba Miamba na kukuta ukumbi umefungwa.

Fanyeni hivi. Madoido yabaki kwenye majina yenu mawili ya kwanza, makubwa, katikati ya kadi, yakianza kwa herufi kubwa na kuendelea kwa ndogo. Majina ya wazazi, tarehe, ukumbi na namba ya kutuma mchango viandikwe kwa herufi za kawaida. Curlz iachieni keki ya mtoto. Kama kadi itatolewa fotokopi au kutumwa WhatsApp, epukeni vistari vyembamba, maana hupotea. Rangi ya dhahabu juu ya karatasi ya krimu nayo inameremeta mchana, lakini usiku kwenye taa hafifu huoni kitu.

Mwisho, chapeni moja tu kwanza. Mpeni mama mkwe aisome kwa sauti, bila kumsaidia. Akikwama, rudini steshenari.

Mapenzi yana mafumbo ya kutosha jamani, kadi isiwe fumbo jingine. Tukutane mwezi ujao!